Gari Likichemka, Iulizwe Pampu Kwanza

Kaskazi imeingia, na kila apandaye mlima wa Mazeras wakati huu ataliona jambo lile lile la kila mwaka: gari limeegeshwa kando ya barabara, boneti iko juu, mvuke wapaa, na mama amesimama kivulini pamoja na wanawe akimngoja aliyetumwa kwenda kutafuta maji. Watu hupita wakasema maskini, bahati mbaya. Sisi hatuoni kuwa ni bahati. Injini haichemki kwa ghafla kama mvua ya kiangazi. Aghalabu huwa imekwisha kusema kwa majuma kadhaa, kwa sauti, kwa harufu na kwa tone la maji hapa na pale, na aliyekuwa karibu nayo zaidi ya wote ni yule aiendeshaye kila siku kupeleka watoto skuli.

Wako watakaojiuliza habari za injini zaingiaje katika ukurasa huu wa familia. Jibu ni fupi. Katika nyumba nyingi za mjini kwetu, gari si la baba peke yake tena. Mama ndiye aamkaye alfajiri akaliwasha, ndiye alipelekaye sokoni, na mara nyingine ndilo limlishalo. Linapoharibika, yeye ndiye asimamaye mbele ya fundi na kuambiwa maneno asiyoweza kuyapima. Fedha za nyumba nyingi zimepotelea hapo, si kwa sababu mafundi wote ni wezi, la hasha, bali kwa sababu gari lililochemka lina maradhi mengi yenye dalili moja, na asiyeuliza maswali hununua dawa ya maradhi asiyokuwa nayo.

Hebu tuanze na namna mambo yenyewe yanavyokwenda. Petroli inapoungua ndani ya silinda, sehemu ndogo tu ya nguvu yake, kiasi cha robo au theluthi, ndiyo izungushayo magurudumu. Iliyobaki yote ni joto. Baadhi ya joto hilo hutoka na moshi, na baadhi yake lazima lichukuliwe na maji yazungukayo ndani ya kuta za injini, likapelekwe kwenye rejeta mbele ya gari, likapoe kwa upepo, kisha maji yarudi kuchukua jingine. Mzunguko huo haukomi maadamu injini inanguruma. Na maji hayatembei yenyewe. Yasukumwa na pampu, ambayo mafundi wetu wameizoea kwa jina la wota pampu, kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono: mbele ina puli inayozungushwa na ukanda, katikati ina mhimili uliopita ndani ya beringi, na nyuma, ndani ya maji, ina gurudumu dogo lenye mapanga. Kati ya beringi na maji imewekwa sili ili maji yasiifikie beringi na kuila.

Aliyeibuni pampu hii alijua kwamba sili siku moja itachoka. Kwa hiyo akaacha kitundu kidogo chini ya mwili wa pampu, baina ya sili na beringi, ili maji yatakayopenya yatokee nje na mwenye gari apate kuyaona kabla beringi haijaharibika. Sisi twakipenda sana kitundu hicho. Ni kama mjumbe aliyewekwa mlangoni kwa kazi moja tu, ya kusema kuwa ndani kuna jambo. Lakini kimejificha upande wa chini, nyuma ya ukanda, na ni wachache sana wainamao kukitazama.

Viko na vitu vingine viwili vinavyofaa kujulikana. Cha kwanza ni themostati, kijilango kidogo ambacho hufunguka maji yafikapo joto la nyuzi 82 au karibu na hapo, ili injini ipate moto upesi asubuhi na kisha isizidi. Cha pili ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hiki si cha kuzuia vumbi. Kinayabana maji kwa shinikizo, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kwa nyuzi 100 kama ya sufuriani, bali huenda hadi karibu na nyuzi 120. Neno hili tutalirudia, maana ndani yake kuna hatari ya kumuunguza mtu.

Mpwa wetu, binti wa dada yetu, ni mjane mwenye watoto wawili. Alipofiwa alibakiwa na gari dogo la Kijapani la silinda nne, nalo ndilo alilolifanya duka lake. Huwachukua watoto wa majirani kutoka Kisauni akawavusha daraja la Nyali mpaka skuli kisiwani, na mwisho wa juma hukodiwa kupeleka watu arusini na matangani, Mtwapa, Mazeras, hata Mariakani. Kodi ya nyumba hutoka humo, na karo hutoka humo. Kaskazi moja gari lile lilianza kuchemka.

Fundi wa kwanza alilitazama kwa dakika kumi, akaitoa themostati na kuitupa. Akamwambia kwamba kitu hicho ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Gari likapoa kwa siku tatu, likarudi vile vile. Fundi wa pili akasema rejeta imeziba. Akanunuliwa rejeta mpya, shilingi 8,500, na ile ya zamani ikabaki gerejini. Gari likatulia kwa juma moja, kisha siku ya arusi ya watu huko Mariakani mshale ukapanda hadi kwenye wekundu, naye ana bibi harusi nyuma. Fundi wa tatu alizikata nyaya za feni akaiunga moja kwa moja, ikawa yazunguka bila kusita tangu gari linapowashwa. Betri ikaanza kuzimika asubuhi, na joto likabaki pale pale. Sasa akaambiwa injini imekufa, ishushwe ifanyiwe ovahoo, na bei aliyotajiwa ilimfanya aje kwetu, si kwa sababu ya gari tena, bali kutaka shauri la kuliuza na kurudi kukaa kwa mama yake.

Ifahamike kwamba sisi si fundi wa kulipwa. Ujana wetu tuliugawa baina ya madrasa na gereji ya ami yetu, aliyekuwa akitengeneza malori, na desturi ya mzee yule ilikuwa kutogusa spana mpaka dereva awe amekwisha kuhojiwa. Alikuwa akisema na madereva kama tabibu asemavyo na mgonjwa, na wengine walikasirika wakiona kwamba anawapotezea wakati. Basi nasi tulimketisha mpwa wetu, akaletewa kahawa, tukamuuliza.

Gari lachemka wakati gani? Hili ndilo swali la kwanza na ndilo bora kuliko yote, na katika mafundi watatu hapana aliyemuuliza. Alifikiri kidogo, akasema:

“Mjomba, kwenye foleni ya daraja halina neno kabisa. Nikaa hapo hata nusu saa, mshale haupandi. Lakini nikiingia barabara ya Mtwapa nikatia mwendo, au nikipanda mlima na watu ndani, hapo ndipo huanza.”

Jibu lile peke yake liliwaondoa watuhumiwa kadhaa. Lau kosa lingekuwa la feni, mambo yangekuwa kinyume chake: gari lingechemka likisimama folenini, ambapo hapana upepo ila ule uletwao na feni, na lingepoa likishika mwendo, kwa kuwa upepo wa barabarani watosha kuipoza rejeta. Gari lipoalo likisimama na kuchemka likifanya kazi nzito lalalamikia uchache wa maji yapitayo. Ama njia ya maji imeziba, ama hakuna wa kuyasukuma ya kutosha. Rejeta ilikuwa mpya. Themostati haikuwapo. Je, nani aliyebaki?

Tukamuuliza kama maji yapungua. Akasema ndiyo, kila baada ya siku mbili aongeza kiasi cha kikombe, lakini chini ya gari haoni dimbwi. Mafundi walimwambia kwamba maji yasiyoonekana yanakotokea ndiyo ishara ya gasketi ya hedi kuungua, na hapo ndipo shauri la ovahoo lilipotoka. Si neno la uongo kabisa. Gasketi ikiungua maji huingia ndani ya silinda na kutoka na moshi. Lakini moshi huo huwa mweupe, mzito, wenye kuendelea hata injini ikiwa imekwisha kupata moto. Au oili huchanganyika na maji ikawa kama maziwa ya kahawa chini ya kifuniko chake. Au viputo huchemka ndani ya rejeta tangu injini ingali baridi. Tulimuuliza moja moja, na yote hayakuwapo. Maji machache yavujayo juu ya chuma cha moto hukauka kabla hayajafika chini. Ndiyo sababu hakuna dimbwi.

Kisha tukauliza habari za sauti. Hapa alinyamaza kidogo, akaona haya, kama mtu aulizwaye jambo alilokatazwa kulisema. Akasema kwamba tangu mwezi uliopita, kila asubuhi anapowasha, husikia kama mtu anasaga kitu, mbele, upande wa ukanda, na sauti huongezeka akikanyaga mafuta. Alimwambia fundi wa kwanza, naye akamjibu kwamba wanawake hawana masikio ya injini. Na bintiye mdogo alikuwa akisema kila siku kwamba gari lanuka kitu kitamu. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameitambua kulanti kabla ya mafundi watatu.

Twaomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Kulanti, yale maji ya rangi ya kijani, nyekundu au waridi yatiwayo kwenye rejeta, aghalabu huwa na glaikoli, na utamu wake si wa kuchezewa. Ni sumu. Kiasi kidogo chaweza kumwua paka, na kwa mtoto chaweza kuharibu figo. Isiwekwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa hata kwa siku moja, na ikimwagika uani ioshwe kwa maji mengi. Mtoto akiinywa, apelekwe hospitali saa ile ile hata akiwa anacheza, na chupa yake ichukuliwe ikaonyeshwe kwa daktari.

Tulimwambia aliache gari kwetu usiku ule. Injini hukaguliwa ikiwa baridi, na hakuna baridi kama ya alfajiri. Kulipopambazuka tukafungua boneti. Kwanza tulitazama kwa taa chini ya pampu, na pale kwenye kitundu palikuwa na ukoko mweupe wenye wekundu kwa mbali, kama chumvi iliyokauka kwenye ngalawa, ukiteremka kwa mstari mwembamba. Ukoko huo ni maji ya rejeta yaliyopenya sili yakakauka, siku baada ya siku. Kisha, injini ikiwa imezimwa na ufunguo mfukoni, tuliulegeza ukanda tukautoa. Tukaishika puli ya pampu kwa mkono na kuitikisa mbele na nyuma. Puli nzima haitikisiki. Ile ilikuwa yacheza kama jino la mzee. Tukaizungusha kwa vidole, ikakwaruza.

Hapo hapakuwa na haja ya ushahidi mwingine. Hata hivyo tutataja njia nyingine, kwa wenye pampu zilizojificha. Katika baadhi ya magari pampu huzungushwa na ukanda wa ndani, ule wa taimingi, na huwezi kuishika bila ya kufungua vifuniko. Hapo fundi mwenye kipimo cha shinikizo hukifunga mahali pa kifuniko cha rejeta, akapuliza mpaka kufikia kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko, akangoja. Sindano ikishuka, maji yana mahali pa kutokea, na hutafutwa kwa taa. Ni kipimo cha bei ya wastani, na twastaajabu kuona gereji ngapi za mjini hazina, ilhali zina spika za muziki.

Tena iko hali ambayo pampu haivuji wala hailii, na bado haifanyi kazi. Mapanga yake huliwa na kutu yakabaki vijiti, au gurudumu likalegea juu ya mhimili, ukanda ukazungusha puli na maji yakasimama. Dalili yake ni kwamba mpira wa juu wa rejeta ni wa moto mno na wa chini ni baridi, na rejeta haijaziba, na themostati ni nzima. Na katika gari lenye kipashio cha ndani, ukikifungua hutoa upepo wa baridi ilhali mshale uko juu. Pwani nani atumiaye kipashio? Wengi wetu hatujui hata kitufe chake kiko wapi. Lakini kwa kazi hii chafaa.

Na ikiwa chini ya gari umeona maji, usiingiwe na hofu mara moja. Kipoza hewa hutoa maji mengi hapa kwetu kwa sababu ya unyevu wa bahari. Chovya kidole: yakiwa hayana rangi, hayana harufu, hayana utelezi, hayo ni maji ya kipoza hewa na hayana neno.

Tulimtafuta fundi tunayemjua, akaishusha pampu kabla ya adhuhuri. Mapanga yalikuwa yameliwa nusu. Na ndani ya mwili wake mlikuwa na ukoko wa kahawia ambao kila mkaazi wa Kisauni atautambua, kwani ndio ule ule uliomo ndani ya mabirika yetu. Kwa miaka mitatu gari lile lilikuwa likinywa maji ya kisima.

Hapa ndipo tungependa wasomaji wetu wakae nasi kitako kidogo. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na mji wetu unaishi kwa visima kila maji ya mferejini yakatikapo, yaani mara nyingi. Maji hayo twaogea, twafulia, na kwa kuwa yako karibu twatia katika rejeta. Chumvi na joto vikikutana na aluminiamu, vyuma hulika. Na chokaa iliyomo hujijenga katika vijia vyembamba vya rejeta. Sili ya pampu husagwa na chembe hizo kama mkono usuguliwao kwa mchanga. Fundi atakuuzia pampu mpya leo, na ukiendelea kuinywesha kisima atakuuzia nyingine baada ya muda si mrefu. Kulanti huchanganywa na maji yaliyotoneshwa, yale yauzwayo kwa ajili ya betri, nusu kwa nusu ikiwa haikuchanganywa kiwandani. Kazi yake si kuzuia kuganda kwa barafu, jambo tusilolijua hapa, bali kuzuia kutu, kulainisha sili ya pampu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Aina mbili za kulanti zisichanganywe kwa kukisia rangi. Ukikwama njiani, tia maji yoyote safi uliyonayo ufike nyumbani, hakuna lawama, kisha yamwagwe na mfumo usafishwe.

Tuseme pia neno juu ya themostati, kwa sababu kuitoa kumekuwa ada katika gereji za mji huu na fundi asiyeitoa huonekana hajui kazi. Injini isiyokuwa na themostati hukawia kupata moto, hutumia petroli zaidi, na vyuma vyake huchakaa mapema. Katika injini nyingine hudhuru zaidi, kwani themostati ile ile ndiyo ifungayo njia ya mkato. Ikiondoka, sehemu ya maji hurudi ndani ya injini bila ya kupita katika rejeta. Ikiwa imeharibika, ibadilishwe. Haitibiwi kwa kuzikwa. Na kuijaribu ni kazi ya jikoni: itie katika sufuria ya maji baridi isiyotumika kwa chakula, iweke motoni, uitazame. Maji yakikaribia kuchemka, kijilango kitafunguka mbele ya macho yako. Kisipofunguka hata maji yakitokota, imekufa.

Sasa turudi kwenye lile neno la kifuniko. Tumemwona kwa macho yetu kijana mmoja, katika msafara wa arusi, aliyeruka kutoka garini kwa ushujaa akakifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa cha shingoni. Maji yaliyokuwa yamebanwa kwa nyuzi mia na kitu yaligeuka mvuke kwa mara moja. Yalimpata mkono mzima, shingo na upande wa uso. Waliokuwapo wakamiminia dawa ya meno, mwengine akaleta mayai. Ngozi ilipotoka ilitoka pamoja na dawa ya meno. Aliyeungua hutiwa chini ya maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, huvuliwa pete na saa kabla hajavimba, hufunikwa kwa kitambaa safi kisichoshika jeraha, akapelekwa hospitali. Si dawa ya meno, si yai, si samli, si barafu.

Mshale ukianza kupanda, au taa nyekundu ya joto ikiwaka (kwa maana baadhi ya magari madogo ya siku hizi hayana mshale, yana taa tu, na ikiwaka ujue wakati umekwisha), zima kipoza hewa, fungua kipashio kwa nguvu zake zote hata watoto wakilalamika, utafute mahali salama pa kusimama, uzime injini. Usiseme nitafika tu, nyumbani si mbali. Kilomita mbili zilizoendeshwa kwa injini iliyochemka zatosha kuipinda silinda hedi, na hapo ile ovahoo aliyotishwa nayo mpwa wetu huwa kweli. Watoto washuke, wakae mbali na barabara. Boneti ifunguliwe, kifuniko kisiguswe. Ngojea mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikika kwa mkono bila ya kuunguza na ukiubonyeza uwe laini. Huchukua nusu saa, mara nyingine saa nzima. Ndipo kifunguliwe kwa kitambaa kinene, taratibu. Na maji ya baridi yasimwagiwe injini ya moto, kwani chuma hupasuka kama glasi ya chai itiwayo maji ya barafu.

Liko jambo moja huwachanganya wasafiri. Gari limekwenda vizuri kutoka Voi, limesimama Makinoni Rodi kwa ajili ya sala, limezimwa, na baada ya dakika chache maji yanaanza kutokota na kumwagika kutoka katika chupa ya akiba. Mwenyewe hustaajabu: limechemka likiwa limelala! Injini ilipozimwa pampu nayo ilisimama, na joto lililokuwa ndani ya vyuma likaingia katika maji yasiyotembea. Lililo zima hustahimili hilo. Lenye pampu dhaifu au kifuniko kilichochoka humwaga, na ni onyo jema, kwani limekuja ukiwa umesimama. Baada ya mwendo mrefu au mlima, injini iachwe inguruke dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa.

Pampu mpya ilimgharimu mpwa wetu shilingi 3,800 pamoja na gasketi yake, na ufundi 1,500. Ukanda ukabadilishwa kwa kuwa ulikuwa umelowa kulanti, na themostati ikarudishwa, na nyaya za feni zikaungwa kama zilivyotoka kiwandani. Mfumo ukasafishwa kwa maji mpaka yakatoka hayana rangi. Fundi akautoa upepo uliobaki ndani: injini ikawashwa ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, kipashio kikiwa kimefunguliwa, maji yakaongezwa kadiri viputo vilivyotoka. Kazi hii ya mwisho hurukwa na wengi, na gari likachemka siku ile ile, na pampu mpya ikasingiziwa.

Tangu hapo mpwa wetu hutazama chupa ya akiba kila Ijumaa asubuhi kabla ya kuwasha, na ameweka alama ya kalamu penye usawa wa maji. Kupanda Mazeras na watu wanne ndani, mshale haujapita katikati.

Alikwenda kwa fundi wa pili kuidai rejeta yake ya zamani, ile iliyosemekana imeziba. Hakuikuta. Ilikuwa imekwisha kufungwa katika gari jingine, nalo, kwa maneno ya fundi mwenyewe, linakwenda Malindi kila siku na halichemki.